Kompyuta Yako Haijazeeka, Imefutwa Tu Kwenye Orodha

Ndani ya Mac za Intel kuna faili moja inaitwa PlatformSupport.plist. Ukiifungua hukuti uchawi wowote. Unakuta orodha: majina ya modeli na nambari za bodi, moja chini ya nyingine, kama majina ya waliofaulu yakibandikwa kwenye ubao wa shule. Mashini ikiwaka, mfumo unaangalia orodha. Jina lako likiwepo, karibu ndani. Likikosekana, unaonyeshwa duara lenye mstari katikati na safari yako inaishia hapo.

Nimeanzia hapo kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiambiwa dukani, "Hii imezeeka, haiwezi kubeba mfumo mpya." Haiwezi ni neno kubwa, wasee. Nani alijaribu ikashindwa? Mara nyingi hakuna aliyejaribu. Kuna mtu tu, mbali na hapa, aliyefuta mstari mmoja kwenye orodha. Na kuna watu wengine, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, ambao kazi yao ni kuurudisha huo mstari.

Niseme mapema kwamba mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma kupatikana, na video zangu zote nahariri kwa laptopu ya mtumba. Kwa hivyo hii historia naifuatilia kama mtu ambaye chakula chake kiko ndani.

Twende 2001. Tarehe 24 Machi mwaka huo Apple ilitoa Mac OS X. Ulikuwa mfumo mpya kuanzia msingi, uliotokana na kazi ya NeXT, kampuni ambayo Steve Jobs aliianzisha alipotoka Apple na ambayo Apple ikaja kuinunua. Sharti lilikuwa moja: kompyuta iwe imetoka kiwandani na prosesa ya G3 au mpya zaidi. Sasa shida ikaanza. Kulikuwa na watu wenye Power Macintosh 7600, 8600 na 9600, mashini za 1996 na 1997 walizonunua kwa pesa nyingi sana. Prosesa ya hizo mashini ilikaa kwenye kadi unayoweza kuchomoa, na wengi walikuwa wameshachomoa ile ya zamani wakaweka G3, wengine hata G4. Yaani prosesa ambayo Apple ilikuwa inaitisha ilikuwepo ndani. Lakini kwa orodha, 9600 ni 9600, na 9600 haikuwepo.

Jamaa anaitwa Ryan Rempel akaandika programu iliyokuja kujulikana kama XPostFacto. Iliidanganya hatua ya kusakinisha, halafu ikaongeza draiva ambazo Apple haikuziweka kwa ajili ya hizo mashini. Aliweza kwa sababu Apple yenyewe ilikuwa imeweka wazi msimbo wa sehemu ya chini ya mfumo, ile inayoitwa Darwin. Watu wakaendesha Mac OS X miaka kadhaa kwa mashini ambazo rasmi zilikuwa zimeshazikwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ulikuja Oktoba 2007, Leopard ilipotoka. Sharti: G4 yenye kasi ya megahezi 867 kwenda juu. Ukiwa na 800, pole. Tofauti ya 67! Kwani hizo 67 zilikuwa zinabeba nini? Ikatoka programu ndogo, LeopardAssist, ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kabla ya kusakinisha, inaiambia mashini itaje kasi yake kuwa 867. Basi. Hakuna waya uliokatwa, hakuna chipu iliyobadilishwa. Namba moja tu ilisemwa tofauti, na mfumo ukaingia. Ulitembea polepole, sikatai, lakini ulitembea.

Mpaka hapo tunaongea kuhusu Mac za zamani. Upande wa pili wa hii hadithi ni Mac OS kwenye kompyuta ambazo si Mac kabisa, ile kitu inaitwa Hackintosh. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Hackintosh za kwanza zilitengenezwa ndani ya Apple, na wafanyakazi wa Apple.

Mwaka 2000 kulikuwa na injinia anaitwa JK Scheinberg. Alitaka kuhamia upande wa mashariki mwa Marekani ili mtoto wao akulie karibu na babu na nyanya. Bosi hamruhusu mtu ahame hivi hivi, kwa hivyo alihitaji mradi anaoweza kuufanya peke yake akiwa mbali. Akachagua kuhamisha Mac OS X iende kwenye prosesa za Intel, wakati ambapo Mac zote zilitumia PowerPC. Mke wake, Kim Scheinberg, aliisimulia hii mtandaoni mwaka 2012. Kwa maelezo yake, mwishoni mwa 2001 wakubwa waliingia kuona kazi imefika wapi, wakakuta Mac OS inawaka kwenye PC za kawaida kabisa. Bertrand Serlet, mkubwa wa programu wakati huo, akauliza itachukua muda gani kuiweka kwenye Sony Vaio. Wakaenda dukani wakanunua Vaio, na jioni ileile ikawa inaendesha Mac OS. Kesho yake, anasema Kim, Steve Jobs alikuwa kwenye ndege kwenda Japani kukutana na mkuu wa Sony.

Lile dili halikutokea. Lakini hebu fikiria: mwaka 2001 mfumo wa Apple ulikuwa umeshawaka kwenye laptopu ya kampuni nyingine, kwa kazi ambayo mtu mmoja aliianzisha peke yake kwa sababu ya mtoto. Miaka yote iliyofuata, watu walipoambiwa kwamba Mac OS ni ya Mac pekee, sababu haikuwa kwamba haiwezekani.

Tarehe 6 Juni 2005, Jobs alipanda jukwaani San Francisco akatangaza kwamba Apple inahamia Intel. Akakiri kwamba mfumo ulikuwa umeishi maisha mawili kwa siri kwa miaka 5. Akafichua pia kwamba maonyesho yote waliyokuwa wameyatazama asubuhi ile yalikuwa yanatoka kwenye Pentium 4. Halafu Apple ikakodisha mashini za majaribio kwa waandishi wa programu, dola 999 kila moja, kwa masharti kwamba zirudishwe. Ndani ya boksi la Power Mac kulikuwa na Pentium 4 ya kawaida. Unajua kilichofuata. Nakala ya mfumo ilivuja, na kabla ya mwaka kuisha watu walikuwa wanaiwasha kwenye PC zao nyumbani. Mmoja aliyejiita Maxxuss alitoa viraka vya kuvunja vizuizi, Apple ikaweka vipya, yeye akavunja tena mapema 2006.

Mchezo wenyewe unaeleweka hata kama hujawahi kuandika msimbo. Mac halisi ina chipu ndogo inayosimamia feni, moto na betri, inaitwa SMC. Apple ilificha neno la siri humo. Mfumo ukiwaka unauliza: neno ni gani? PC haina hiyo chipu, kwa hivyo watu wakaandika programu ya kujifanya chipu na kujibu swali. Halafu programu nyingine inakaa mlangoni kabla mfumo haujaamka na kuuambia, "Hii hapa ni iMac." Ni kama kuingia kwa geti la hosteli na kitambulisho cha ndugu yako. Askari anaangalia kadi, haangalii sura.

Cha kuchekesha ni kwamba upande wa pili geti lilikuwa wazi. Machi 2006 watu walichangisha zawadi ya zaidi ya dola 13,000 kwa yeyote atakayeweza kuwasha Windows XP kwenye Mac mpya za Intel. Zawadi ikachukuliwa mwezi huohuo. Tarehe 5 Aprili Apple yenyewe ikatoa Boot Camp, njia rasmi ya kufanya kitu hichohicho. Kwani Windows kwenye Mac inauza Mac. Mac OS kwenye Dell haiuzi Mac. Ukitaka kuelewa orodha, fuata pesa.

Na pesa ndiyo iliyompeleka Psystar kortini. Hii ilikuwa kampuni ya Florida iliyoanza Aprili 2008 kuuza PC ya dola 399 inayoendesha Mac OS X, wakati Mac mini ya bei ya chini ilikuwa dola 599. Apple ilishtaki Julai mwaka huohuo. Novemba 2009 Jaji William Alsup aliamua kwamba Apple ina haki, Desemba Psystar ikakatazwa kabisa, na rufaa ikaanguka 2011. Mimi simlilii sana Psystar. Walikuwa wanauza kazi ya watu, na si ya Apple peke yake. Hata wale waliokuwa wanatoa programu za Hackintosh bure walilalamika kwamba kazi yao imechukuliwa ikauzwa.

Tangu hapo Hackintosh ikabaki mambo ya mtu na mashini yake. Ilikua sana. Kuna miaka ambapo wahariri wa video walijenga PC zao wenyewe za kuendesha Mac OS kwa sababu Apple ilikuwa imelala upande wa mashini kubwa. Mwaka 2019 ikatoka programu ya mlangoni inaitwa OpenCore, iliyoandikwa vizuri kuliko zote zilizotangulia. Kumbukeni hilo jina.

Sasa turudi kwa Mac za zamani, kwa sababu hapo ndipo hizi njia mbili zinakutana, na hapo ndipo mimi naingia.

Apple iliendelea kufuta. Julai 2012, Mountain Lion ilipotoka, iliacha nje Mac Pro ya 2006, mashini yenye prosesa za Xeon za biti 64, kwa sababu programu yake ya kuwashia ilikuwa ya biti 32. Watu wakaandika faili mbadala la kuwashia, na ile mashini ikafika mpaka El Capitan ya 2015. Mwaka 2016 Sierra ilifuta nyingine nyingi, na jamaa Collin Mistr, maarufu kama dosdude1, akatoa kiraka kwa kila toleo mpaka Catalina ya 2019. Kisha Big Sur, Novemba 2020, ikafuta MacBook Pro ya 2012.

Hapa nisimamishe gari kidogo. MacBook Pro ya inchi 13 ya katikati ya 2012, ile wauzaji wa Nairobi wanaiita MD101, Apple iliendelea kuiuza ikiwa mpya mpaka Oktoba 2016. Yaani mtu aliyeinunua siku ya mwisho alipata miaka 4 tu kabla ya kuambiwa mashini yake ni ya zamani. Na ndiyo hiyo ninayotumia kuandika haya. Nilipoichukua Moi Avenue ilikuwa na ngumi mbili kwenye kifuniko na betri ya kuhurumiwa, lakini inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, memori inabadilishwa, diski inabadilishwa. Jaribu hivyo na MacBook ya leo.

Baada ya Big Sur, vijana wawili watatu wakaja na wazo ambalo ni tamu sana: OpenCore Legacy Patcher. Walichukua OpenCore, kifaa kilichotengenezwa ili PC ijifanye Mac, wakakiweka ndani ya Mac halisi. Hebu isome tena hiyo. Mac iliyotengenezwa na Apple, yenye nembo ya Apple mgongoni, inalazimika kujifanya Mac ili iingie kwenye mfumo wa Apple.

Tuseme ukweli lakini. Orodha si uongo mtupu kila wakati. Mojave ya 2018 ilitaka kadi za picha zinazoelewa Metal, na kadi zisizoijua zinateseka mpaka leo hata ukizibandika nini. Monterey ya 2021 iliondoa draiva za HD 4000, ambayo ndiyo kadi ya picha ya MD101, kwa hivyo hao vijana wanazichukua kutoka toleo la zamani na kuzirudisha. Ili hilo liwezekane unalegeza kufuli moja la usalama la mfumo. Na kila apdeti ikija, inaweza kufagia kazi yote, unaanza kubandika upya. Mtu akikuambia hii ni sawasawa na Mac inayosapotiwa, anakuuzia kitu.

Lakini sikilizeni kisa cha Ventura, 2022. Mfumo ulianza kudai maagizo ya prosesa yanayoitwa AVX2, ambayo MD101 haina kabisa. Hii si namba ya kudanganya, ni kitu hakipo kwenye chipu. Wengi wakasema imeisha. Kumbe Apple yenyewe ilikuwa na shida hiyohiyo: Mac zake mpya za M1 hutumia kitafsiri kinaitwa Rosetta kuendesha programu za Intel, na wakati huo Rosetta haikuelewa AVX2. Kwa hivyo Apple ilibidi itunze nakala ya faili za mfumo zisizohitaji AVX2, kwa ajili ya Mac zake mpya kabisa. Vijana wakaikuta hiyo nakala, wakaichukua, wakaiwekea Mac za zamani. Ikawaka. Dawa ya mzee ilikuwa kwenye kabati la mtoto.

Mtaniambia hayo ni ya Apple na wengi wenu mko na Windows. Sawa. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 ikitaka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi cha 7 nje. Isipokuwa chache! Agosti 2021 Microsoft iliongeza kwenye orodha Core i7-7820HQ, ya kizazi cha 7, ambayo ilikuwa ndani ya Surface Studio 2, kompyuta iliyokuwa inauzwa na nani? Microsoft. Wakaeleza habari ya draiva za kisasa, na labda ni kweli. Lakini mimi naona mwenye orodha akijiandikia jina.

Na mlango wa nyuma wa Windows 11 uliandikwa na Microsoft wenyewe. Walichapisha mstari wa kuweka kwenye rejista ya mfumo ili mashini yenye TPM ya zamani au prosesa isiyo kwenye orodha ipite, kwa onyo kwamba haina haki ya kupata masasisho. Programu ya bure ya Rufus nayo inakutengenezea fleshi ya kusakinishia ambayo haiulizi hayo maswali. Tena, kuna mpaka wa kweli: toleo la 24H2 linadai maagizo ambayo prosesa za kale sana hazina, na hapo hakuna ujanja.

Hii inatugusa vibaya kuliko inavyowagusa wao. Laptopu nyingi za wanafunzi na za biashara ndogo hapa ni ex-UK. Ofisi ya Ulaya inabadilisha mashini, zinapakiwa, zinashukia Luthuli na Moi Avenue. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6. G4 ni cha 7. G5 ndiyo ya 8. Kwa hivyo mstari aliouchora mtu Marekani unapita katikati kabisa ya meza ya muuzaji wa Nairobi, na kila mashini iliyo chini ya mstari inaletwa kwetu kwa wingi zaidi kwa sababu kule haitakiwi tena. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifika mwisho. Ukitaka masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, lipa dola 30, kama shilingi 3,900, au uhifadhi mipangilio yako kwenye wingu lao, au utumie pointi zao 1,000. Ulaya watetezi wa wateja walipiga kelele, na Microsoft ikalegeza: wakazi wa eneo la kiuchumi la Ulaya wakapewa huo mwaka bila kulipa na bila sharti la wingu, wanaingia tu na akaunti. Mashini ileile, modeli ileile. Ikiwa bado iko Ujerumani ina masharti mepesi, ikishuka Mombasa inaongezewa masharti.

Huku Apple wameamua kumaliza kabisa. Juni 2025 walitangaza kwamba macOS Tahoe, iliyotoka Septemba, ndiyo ya mwisho kwa Intel, na hata hiyo inakubali modeli 4 tu za Intel. Matoleo yajayo yataandikwa kwa chipu zao wenyewe pekee. Hiyo inafunga Hackintosh, kwa sababu huwezi kwenda dukani ununue prosesa ya M ukaweke kwenye bodi yako. Safari hii hawahitaji orodha, kwa sababu kufuli limeingia ndani ya chipu. Kinyume chake kinawezekana bado: mradi wa Asahi unaendesha Linux kwenye Mac za M1 na M2, na Apple imeacha njia ya mwenye mashini kuwasha mfumo mwingine. Siku M1 itakapofutwa, pengine hiyo ndiyo itakuwa njia.

Kwa sasa MD101 yangu iko kwenye Sequoia ya 2024, mfumo uliotoka miaka 12 baada ya mashini yenyewe. Inahariri video ya dakika 10, feni ikipiga kelele kama posho mill. Ikikataa kabisa nitaweka Linux Mint nione itafika wapi. Na wewe uliye njiani kwenda kununua ex-UK wiki hii, kabla hujatuma pesa mwambie muuzaji awashe, uangalie namba ya prosesa. i5-6300U, hiyo 6 ya mwanzo ni kizazi cha 6. i5-8250U ni cha 8. Kama ni 6 au 7 na bei ni ya 8, rudisha simu mfukoni.